Hesabu ya Vidonge vya Msumari

Alhamisi, 1 Septemba 1983

Daktari Vermes ametukumbusha tena leo: nambari yoyote isitoke nje ya ofisi mpaka yeye mwenyewe aseme. Alisema hivyo huku akinitazama mimi, wakati ofisini tuko wengi. Basi naandika hapa. Daftari hili hukaa kabatini chini ya mashuka ya wageni, na wageni hatupati, kwa hiyo siri ya serikali iko salama.

Kazi yenyewe ni hii. Miaka ya sitini kliniki ya wanawake hapa Halomvár ilitoa vidonge vyeupe kwa ule ugonjwa mdogo wa kuwashwa ambao mara nyingi mume ndiye huuleta nyumbani. Viliacha ladha ya chuma mdomoni, wanawake wakaviita vidonge vya msumari. Vilitibu vizuri. Baadaye wataalamu wakawalisha panya dawa hiyohiyo maisha yao yote, na panya wakaota uvimbe mapafuni. Panya si mtu, anasema daktari, lakini mtu huwezi kumfungia tunduni ukamlisha. Kilichobaki ni kuhesabu. Wanawake 2,340 walivimeza. Wangapi wamepata saratani ya mapafu tangu hapo, na wangapi wangeipata hata bila kidonge?

Mimi ndiye ninayewatafuta. Nashika kadi ya kliniki, nasoma jina na mtaa, nalitafuta jina hilo kwenye daftari la wagonjwa wa saratani. Kadi hazisemi zaidi ya hapo. Tarr Dénesné, yaani mke wa Tarr Dénes, mtaa fulani, nyumba namba fulani, vidonge ishirini na moja. Nafasi ya umri iko wazi, maana muuguzi wa enzi hizo aliona haya kuwauliza. Umri tunauchukua kwenye daftari la wakazi la manispaa.

Jumapili, 4 Septemba

Dada yangu Ágota katoka hospitali. Kidole tumbo kilimpasukia wiki mbili zilizopita, usaha ukamwagika ndani, wakamsafisha kama mtu anayesafisha bata. Kakonda, lakini mdomo uko palepale.

"Joli, we mtoto, njoo uonje hiki." Alininyooshea kidonge.

"Sionji dawa ya mtu."

"Ni kama kulamba kufuli. Vitatu kwa siku, wiki sita. Nimemkosea nini Mungu?"

Nilikitambua kabla sijasoma boksi. Kumbe siku hizi wanakitumia kwa usaha wa tumbo. Nikamrudishia boksi, nikauliza habari za bata.

Lőrinc, mumewe, alikuwa na huzuni yake nyingine. "Na daktari kasema divai hata tone haruhusiwi mpaka amalize. Mwaka huu, shemeji, navuna zabibu na mtawa."

"Mwangalie," Ágota akasema. "Nilipopasuliwa hakulia hivi."

Jumatano, 7 Septemba

Mvua. Lőrinc ana wasiwasi na ukungu kwenye majani. Kadi 110.

Jumatatu, 12 Septemba

Nimefika herufi N na tayari ni kumi na nne. Herufi za mwanzo, A hadi K, alizifanya Ibolya, karani mwenzangu, kabla hajastaafu mwezi wa saba. Kumi na nne, na kadi bado zimejaa masanduku matatu. Kila ninapopata jina linalolingana, napiga mstari chini yake mara mbili, halafu naona aibu, kwa sababu ndani ya mistari hiyo kuna furaha. Furaha ya mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. Yule mwanamke kafa kwa mapafu, na mimi nafurahi kwamba mtaa umelingana.

Jioni nilimpigia Ágota kumuuliza kama anakohoa. "Nikohoe nini? Mimi naumwa tumbo!"

Ijumaa, 16 Septemba

Kumi na tisa.

Daktari Vermes anasema walitarajiwa nane na nusu. Hiyo nusu hunikera; nusu ya mwanamke ni nini? Aligawanya mara tatu kwenye karatasi, kisha akaenda kusimama dirishani na mikono mgongoni. Mara mbili na zaidi kidogo.

"Bi. Bakonyi," akasema bila kugeuka, "hili bado si jambo. Hatujui nani alivuta sigara. Tutakagua kwanza. Umenisikia?"

"Nimesikia daktari."

Sina raha hata kidogo. Nimepiga pasi mashuka ambayo hakuna anayeyalalia.

Jumapili, 18 Septemba

Mdomo wangu umeniponza.

Njia nzima ya kwenda kwa Ágota nilijiambia nitaongelea ukungu, zabibu, bei ya kitu chochote. Tulikunywa supu. Alitoa kidonge chake cha mchana, akakishika kati ya vidole viwili, akakunja uso. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Dada, hivyo unatakiwa umalize vyote?"

"Nimebakiwa na vya wiki nne. Kwa nini?"

"Basi tu."

"Joli. Nimekujua tangu hujaota meno. Sema."

Lőrinc akaweka kijiko chini. Nikasema. Nikawaambia habari za panya, za kadi, na kwamba waliovimeza zamani wanapata saratani ya mapafu mara mbili ya wengine. Nilisema mara mbili. Hata sikuwaambia mara mbili ya nini.

Ágota alikitazama kidonge kwa muda mrefu. Mama yetu alikufa kwa mapafu, tulimuuguza sisi wawili kwenye chumba cha nyuma cha nyumba hiihii, na najua hasa alikuwa anakiona nini.

"Mara mbili," akasema.

"Lakini bado hatujakagua. Daktari kasema bado si jambo."

"Wewe umehesabu?"

"Nimehesabu."

"Basi." Akakirudisha kidonge kwenye boksi na kufunga kifuniko. "Wewe ukihesabu kitu kimehesabika. Tangu shule."

Nilijisikia vibaya, na papo hapo, Mungu anisamehe, nilijisikia mtu wa maana.

Jumanne, 20 Septemba

Jua. Nyigu kila mahali kwenye zabibu, kwa mujibu wa Lőrinc. Sikulala vizuri.

Jumatano, 21 Septemba

Nimempigia. Kaacha vidonge. Nimemwambia asiache bila kumwuliza daktari wa upasuaji.

"Nitamwambia nini? Kwamba mdogo wangu kaiba siri ya ofisi?"

"Mwambie vinakutia kichefuchefu, akubadilishie."

"Joli, tumbo limepona. Nimekula mkate na mafuta ya nguruwe. Unataka nimeze au unataka nisimeze? Amua."

Sikuamua. Nilisema mvua inaonekana itarudi, na kweli ilirudi.

Jumamosi, 24 Septemba

Wanabishana kuvuna. Lőrinc anataka kusubiri sukari ipande wiki moja zaidi. Ágota anasema mvua ikipiga tena wataokota zabibu zilizooza. Ágota alikuwa na glasi mkononi. Lőrinc alimmiminia ya mwaka jana kwa furaha kama ya bwana harusi.

"Ona rangi yake ilivyorudi," akaniambia. "Umeniokolea mke, shemeji. Na mavuno pia."

Mashavu ya Ágota kweli yalikuwa mekundu. Nilijiambia ni divai.

Jumatano, 28 Septemba

Baridi. Ágota kasema alihisi kutetemeka jana, ni upepo wa shambani.

Jumapili, 2 Oktoba

Tumevuna. Watu kumi na mmoja mteremkoni tangu umande haujakauka, makasi, ndoo, nyigu, matusi ya kirafiki. Lőrinc alipika mchuzi wa kondoo kwenye sufuria kubwa, na Vince, mume wangu, akabeba pipa la mgongoni hadi akawa mwekundu mwili mzima na bado hakutaka kusaidiwa.

Ágota alikaa kwenye kreti lililopinduliwa, amevaa koti la Lőrinc juu ya sweta mbili, akitoa amri. Nilimletea sahani. Hakula. Nilimgusa mkono, ulikuwa wa moto.

"Una homa."

"Nina jua. Kavune, mvivu."

"Hakuna jua, dada."

"Joli, usinianze mbele za watu."

Akacheka, watu nao wakacheka. Mimi pia nikacheka. Kwa nini nilicheka? Nimekaa na swali hilo tangu tuliporudi, na Vince kaniuliza mara mbili kama nimeumwa na nyigu.

Alhamisi, 6 Oktoba

Naandika haraka.

Asubuhi Daktari Vermes aliniambia nichukue kadi moja katika kila mia, zile ambazo hazina saratani pia, nizikague upya toka mwanzo. Nikaanza na herufi za Ibolya. Kadi ya kwanza niliyoitoa, A. Sawa. Ya pili:

Bakonyi Vincéné, mtaa wa Malom, namba 9. Machi 1963. Vidonge ishirini na moja. Na pembeni, kwa mwandiko mzuri wa Ibolya: *yu hai, hana saratani, kazaliwa 1936.*

Aliyezaliwa 1936 ni mimi. Mtaa wa Malom namba 9 ni kwangu. Lakini Machi 1963 nilikuwa Szűts Jolán, msichana mwalimu katika kijiji cha baba yangu, na kidonge cha msumari sijakitia mdomoni hadi leo. Aliyevimeza ni Margit, mke wa kwanza wa Vince, aliyekufa sitini na nne. Nilipoolewa sitini na sita nilikuta jina lake mlangoni na sikulazimika hata kubadili kibao. Miaka kumi na saba napokea barua zake, za kanisa, za fundi saa, na bado nilikaa majira yote ya joto nikiunganisha majina ya wake za watu bila kujiuliza ni mke yupi.

Nikatoa zile kadi kumi na tisa. Nikachukua ya Tarr Dénesné, nikampigia karani wa ndoa manispaa.

"Tarr Dénes? Yupi, mzee au kijana?"

"Wako wawili?"

"Baba na mwana, nyumba moja. Unamtaka mke wa nani?"

Kidonge alimeza mkwe, mke wa mwana. Saratani aliipata mama mkwe, na alikuwa akivuta sigara tangu vita.

Nilikwenda kwa Daktari Vermes na kumwambia yote, nikiwa nimesimama. Yeye hajaoa. Mama yake ni mtu wa Vienna, ambako mke hubaki na jina lake la kwanza. Akasema polepole, "Na mimi umri nimeutoa kwa mke aliyepo sasa." Akashika kichwa. "Bi. Bakonyi, hakuna hata mmoja wetu aliyewaza?"

"Ndivyo tunavyoandikana, daktari. Nani angewaza?"

Nikamwambia pia habari za Ágota. Hilo lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza. Hakupaza sauti, afadhali angepaza.

"Ulimwambia mara mbili? Ulimwambia ni toka nane na nusu hadi kumi na tisa, katika wanawake elfu mbili na mia tatu, kwa miaka ishirini?"

"Hapana."

"Hata kama nambari ingekuwa kweli, kidonge hicho yeye alipaswa kukimeza. Usaha wa tumbo haungoji miaka ishirini." Alivua miwani. "Nenda kamwambie arudi kwenye dawa. Ila hizi habari za kosa la majina usizitaje mpaka tumehesabu upya. Nambari moja mbaya imeshatoka humu. Ya pili isitoke."

Nenda kamwambie, alisema. Naandika wazi ili nisije nikajidanganya baadaye: alisema niende.

Ijumaa, 7 Oktoba

Sikwenda. Nimeshinda kanisani na manispaa kwenye vitabu vya ndoa. Katika wale kumi na tisa, waliochanganywa ni wake wa pili wanne mpaka sasa, na wakwe wawili.

Nilitaka nifike kwa Ágota na nambari mkononi. Nimwambie arudi kwenye dawa, aniulize kwa nini, nimjibu nini? Kwamba mwenye akili ya hesabu tangu shule hakumtambua hata mwenye jina lake mwenyewe? Kesho nitakuwa nimemaliza.

Nilimwuliza Vince kama Margit aliwahi kutibiwa kliniki ya wanawake mwaka wa sitini na tatu. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Aliendelea kuifunga muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji.

"Nilikuwa kijana," akasema.

"Alijua?"

"Margit alijua kila kitu. Wewe umejuaje?"

"Kazini."

Hakuuliza zaidi. Namjua mume wangu kama mtu wa maneno machache. Leo nimeanza kushuku kwamba maneno yapo, ila alimwachia mwingine.

Jumamosi, 8 Oktoba

Wake wa pili sita. Wakwe watatu. Kumi na tisa wamebaki kumi. Ukungu mzito. Nilitoka manispaa saa tisa mchana, basi la kwenda kwa Ágota lilikuwa kituoni, mlango wazi. Nilikuwa sijahakikisha mmoja, mjane aliyeolewa upya kwa jina jingine. Nikarudi ndani.

Jumapili, 9 Oktoba

Nilifika na karatasi yangu kwenye mkoba. Gari la wagonjwa lilikuwa uani, magurudumu juu ya maganda ya zabibu. Lőrinc alisimama na kiatu kimoja mguuni.

"Hakuamka vizuri," akasema. "Tangu alfajiri anamwita mama yenu."

Walimtoa. Uso ulikuwa wa kijivu, midomo imekauka. Nilisema, "Dada, ni mimi." Alinitazama na kusema waziwazi, "Fungua dirisha, mama anakohoa."

Jipu ndani ya tumbo, wanasema, kubwa kama ngumi, na sumu imeingia kwenye damu. Wamempasua mchana huu. Dawa ileile wanampa kwa mshipa sasa, akiwa hana wa kumwuliza kama anataka.

Daktari wa upasuaji, mwanamume mchovu mwenye mikono mikubwa, alituuliza, "Nani alimwambia aache?" Lőrinc alinitazama, kisha akaitazama sakafu, akajibu, "Aliacha mwenyewe." Sikustahili hilo. Nikasema ni mimi.

"Wewe ni daktari?"

"Ni karani."

Aligeuka akaondoka.

Jumatatu, 10 Oktoba

Hajaamka.

Jumanne, 11 Oktoba

Homa iko palepale. Nimekwenda kazini kwa sababu nyumbani siwezi kukaa, na kazini siwezi kukaa. Lőrinc zabibu zinamchachukia pipani na hajali.

Alhamisi, 13 Oktoba

Homa imeshuka. Kaamka, kauliza nani analisha bata. Nililia korido nzima, kwa sauti, mbele za wafagiaji.

Jumapili, 16 Oktoba

Nimemwambia yote. Lőrinc alikuwepo. Nilimweleza wake wa jina moja, Margit, akina Tarr baba na mwana. Alicheka kidogo hapo kwa akina Tarr, akashika tumbo.

"Kwa hiyo havileti saratani?"

"Sijui, dada. Tumebaki na kumi na mmoja, maana mjane mmoja aliyeolewa upya ameongezeka, na waliotarajiwa tisa kwa umri sahihi. Inaweza kuwa havileti kabisa, inaweza kuwa vinaongeza kidogo. Hesabu yetu ni ndogo, haiwezi kusema zaidi. Lakini lile la mara mbili halikuwa kweli. Na wewe bila hivyo..."

"Nimeona bila hivyo." Akajivutia shuka. "Uligundua lini?"

Ningeweza kusema Jumamosi. Ningeweza kusema hesabu iliisha Jumapili asubuhi, na ingekuwa kweli.

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Tarehe sita."

Alihesabu kwa vidole juu ya shuka, dada yangu ambaye hesabu zote aliniachia mimi. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Alipofika kidole cha tatu aliufumba mkono.

"Ile mbaya uliniletea siku ya pili tu," akasema, "na supu ikiwa bado ya moto."

Ijumaa, 21 Oktoba

Ripoti imepigwa chapa. Mara moja nukta mbili ya waliotarajiwa, na ukweli unaweza kuwa popote kati ya sifuri nukta sita na mbili nukta mbili. Daktari Vermes kaongeza ukurasa mzima kuhusu majina ya wake, ili watakaokuja baada yetu waombe jina la kuzaliwa na jina la mama. Alitaka kuweka jina langu kwenye shukrani. Nikamwomba asiweke. Aliniuliza, kwa kejeli kidogo, angeandika jina lipi.

Ágota wamemruhusu nyumbani.

Jumatano, 26 Oktoba

Jalidi ya kwanza, nyasi zimeganda nyeupe. Nimempigia simu mara mbili, kapokea Lőrinc. Yuko shambani, alisema mara ya kwanza. Anapumzika, alisema mara ya pili.

Jumapili, 30 Oktoba

Nimekwenda bila kupiga simu.

Alikuwa mezani, shali mabegani, anachambua jozi. Alisema, "Kaa." Nikakaa. Aliuliza habari za Vince, za baridi, kama bomba letu limeganda. Alinijibu kila nilichouliza, kwa adabu, kama anavyomjibu mtu wa kusoma mita ya umeme. Nilimwambia nisamehe. Akasema, "Nimeshasikia, Joli," na akapasua jozi nyingine.

Saa saba ilipogonga, akachukua boksi, akatoa kidonge, akakiweka juu ya ulimi. Uso ukakunjamana kwa ile ladha. Birika la maji na glasi vilikuwa mbele yangu, mkono wangu ulikuwa tayari umeshika mpini.

Akageuza kichwa mlangoni, kidonge kikimyeyukia mdomoni, akamwita Lőrinc aliyekuwa uani anapasua kuni, aje amletee maji.